Chumba Kwanza, Treni Baadaye: Kuandaa Mahali pa Reli ya Mfano Nyumbani

Injini ndogo ya reli ya mfano ni kifaa kigumu. Mota yake ya volti 12 hudumu miaka mingi ikitiwa tone la mafuta mara mojamoja. Kinachoua reli za nyumbani huku kwetu ni chumba chenyewe: vumbi la Nakuru la Januari na Februari, unyevu wa Kisumu, joto la mabati yasiyo na siling, mchwa, na meza pana ambayo mkono haufiki upande wa pili. Seti nzuri hununuliwa, hutandikwa mezani, wiki ya tatu treni inaanza kukwama kila hatua, na kabla mwaka haujaisha imerudi kwenye kasha lake. Ndiyo maana hapa tunaanza na chumba, tunapita kwenye mbao na nyaya, na treni yenyewe inakuja baadaye.

Tunachukulia chumba cha futi 10 kwa 10, cha kawaida katika nyumba nyingi za kupanga, ambacho ukuta wake mmoja unaweza kuachiwa reli bila kuhamisha kitanda.

Chumba

Tazama juu kwanza. Chumba cha mabati matupu hakifai mpaka kirekebishwe. Mchana mabati huoka kila kilicho chini yake, na usiku wa baridi, hasa Njoro, Molo na maeneo yote ya juu, mvuke hugeuka maji upande wa ndani na alfajiri hudondoka matone. Tone moja juu ya reli kila asubuhi linatosha kuharibu kiungo. Ikiwa siling ya bodi haimo katika uwezo wako, tandaza polithini ya ujenzi ya geji 1000 chini ya kenchi, juu ya eneo la reli peke yake, ukiiinamisha upande mmoja ili maji yatiririke ukutani na si kudondoka katikati.

Sakafu ya saruji isiyolainishwa hutoa vumbi kila inapokanyagwa. Ipake rangi ya sakafu au uitandike zulia la plastiki. Zulia la manyoya liepuke: nyuzi zake hupeperuka, hujisokota kwenye ekseli za injini, na kuzitoa ni kazi ya kibano na subira.

Chumba kisipakane na jiko la makaa au la mafuta. Mvuke wa mafuta ya kupikia hutua kwenye reli na kutengeneza utando usioonekana, vumbi hunata juu yake, na umeme haupiti. Wengi hulaumu injini, kumbe ni chapati.

Kisumu na kandokando ya ziwa kuna wadudu wa ziwani wanaofuata taa jioni kwa makundi. Weka wavu wa mbu dirishani na ufunge dirisha kabla ya kuwasha taa. Mijusi nao wanakuja kuwala wadudu hao, na kinyesi chao kikikaa juu ya reli hula chuma. Kifute siku hiyohiyo kwa kitambaa chenye maji, kisha kavu.

Taa zenyewe zielekee reli kutoka mbele, juu ya ukingo ulio upande wako. Taa moja katikati ya siling hukuweka wewe kati ya mwanga na kazi, na utakuwa ukilehemu gizani.

Ukubwa gani?

Reli ya zamani inayopita Nakuru, Molo, Londiani na Muhoroni, iliyofika ziwani Desemba 1901, ina upana wa mita moja. Reli ya SGR iliyofika Nairobi 2017 ina milimita 1,435. Katika kipimo cha HO kila kitu hugawanywa kwa 87, kwa hiyo SGR inakuwa milimita 16.5 kamili, na reli ya zamani inakuwa 11.5. Viwandani kuna reli za HO za milimita 16.5, na za HOm za milimita 12 zilizokusudiwa njia za mita moja. Peco na Tillig hutengeneza hizo za 12, ila injini zake nyingi ni za milima ya Uswisi na bei yake ni ya Uswisi vilevile.

Kuna pia OO ya Uingereza, ambayo hutembea kwenye reli zilezile za 16.5 ingawa miili ya mabehewa yake ni mikubwa kidogo, 1 kwa 76. Na kuna N, yenye reli za milimita 9. Anayependa N na anataka sura ya reli yetu ya zamani atazame treni za Kijapani: reli yao ya kawaida ni ya milimita 1,067, karibu sana na mita moja, na mabehewa yao kwa kipimo cha 1 kwa 150 yana umbo tulilolizoea.

Kwa mara ya kwanza, chagua 16.5. Magurudumu yake ni makubwa kuliko ya N, kwa hiyo punje ya vumbi haiyasimamishi kwa urahisi, na vipuri vilivyotumika hupatikana kwa wingi. Upana usio sahihi hausumbui jicho ukishazika mataruma kwenye kokoto na majani. Ukiagiza kutoka nje, au ukimwagiza ndugu aliye huko, hesabu usafiri, ushuru na VAT kabla hujalipa, si baada ya kifurushi kufika.

Kuhusu zile injini kubwa za mvuke za Garratt, za daraja la 59, ambazo kila mpenda reli wa Nakuru huziota: Beyer Peacock wa Manchester walitengeneza 34 katika miaka ya 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na 5918 Mount Gelai bado inaonekana katika Makumbusho ya Reli Nairobi. Katika HO injini hiyo ingekuwa na urefu wa karibu sentimita 36. Itakula nusu ya njia ya kusukumia tutakayojenga hapa. Iache iwe ndoto ya chumba cha pili. Anza na injini fupi ya dizeli isiyozidi sentimita 18.

Shiti moja, mbao tatu

Shiti la plaiwudi la milimita 12, futi 8 kwa 4, yaani 2440 kwa 1220, linatoa mbao tatu kamili zenye fremu zake bila kununua kingine. Mpe fundi wa mashine hesabu hii na asikate kwa kukisia:

Kata vipande 3 vya 1220 kwa 450. Hivyo ndivyo vya juu. Kilichobaki, karibu milimita 1080, kipasue vipande 12 vya upana wa 85 na urefu wa 1220. Meno ya msumeno yakila milimita 3 kila mkato, unabaki na ziada ya kama milimita 25 tu, kwa hiyo mwambie aweke msumeno mwembamba. Vipande 6 kati ya hivyo 12 ni mbavu ndefu, viwili kwa kila ubao. Vingine 6 kila kimoja kinatoa mbavu fupi mbili za milimita 426, jumla 12, nne kwa kila ubao. Hiyo 426 imetoka wapi? Ni 450 kutoa unene wa mbavu ndefu mbili, 12 na 12. Hapa ndipo mafundi hukosea mara kwa mara: wanakata 450, fremu inatokeza nje, na mbao mbili haziwezi tena kukutana sawasawa.

Mbavu fupi mbili zikae mwisho kabisa, huku na huku, na mbili katikati, zikiachana kama sentimita 40. Kabla ya kuzifunga, toboa tundu la milimita 20 katikati ya kila ubavu kwa ajili ya nyaya. Kuzitoboa baadaye ukiwa umelala chali chini ya ubao ni adhabu. Tumia gundi nyeupe ya mbao na skrubu za milimita 30, ukitanguliza tundu dogo ili plaiwudi isipasuke. Kila ubao ukiisha utakuwa na uzito wa kilo 7 hivi, na mtu mmoja anaubeba.

Kisha paka rangi au vanishi, mikono miwili, juu, chini na kwenye kingo zote. Sisitiza chini. Ubao uliopakwa upande mmoja hunyonya unyevu upande mwingine, upande huo unavimba, na ubao unajikunja kama ganda la muhogo uliokauka. Kisumu hili hutokea ndani ya msimu mmoja wa mvua.

Kuunganisha mbao: zibane mwisho kwa mwisho kwa jiriwa mbili, hakikisha nyuso za juu ziko sawa kwa kupitisha kidole, kisha toboa matundu mawili ya milimita 8 yanayopita ubavu wa kwanza na wa pili kwa mkupuo mmoja. Weka boliti za M8 na washa pana pande zote mbili. Tundu likitobolewa kila ubao peke yake halitalingana hata ukipima mara kumi.

Miguu iwe ya saiprasi ya inchi 2 kwa 2. Mbao za saiprasi mara nyingi huuzwa mbichi. Zipange ndani ya nyumba kwa wiki 3 au 4, ukitenganisha kwa vijiti ili hewa ipite, kabla ya kuzifanyia chochote. Urefu wa uso wa reli kutoka sakafuni uwe sentimita 110 ukipenda kucheza umesimama, 85 ukipenda kukaa. Ikiwa watoto wadogo watashiriki, chukua 85. Paka dawa ya mchwa kwenye miguu yote, hasa ncha ya chini, na uache sentimita 3 kati ya ubao na ukuta. Mchwa hujenga njia zake ukutani, na pengo hilo hukuwezesha kuziona mapema.

Kwa nini sentimita 45 na si meza nzima? Kwa sababu mkono wa mtu mzima hufanya kazi nzuri hadi kama sentimita 70. Shiti zima la futi 4 lililosukumwa ukutani lina sentimita 50 ambazo huzifikii, na treni huchagua kuanguka hukohuko. Anayetaka treni izunguke anaweza kutumia shiti zima, kwa kuwa duara la nusu kipenyo cha milimita 559 linaingia ndani ya futi 4 likibakiza ukingo wa sentimita 5 kila upande. Lakini meza hiyo lazima iwe na magurudumu ili ivutwe katikati ya chumba. Na asijaribu kupitisha njia juu ya njia. Treni ya HO inahitaji kupanda karibu sentimita 7.5 ili nyingine ipite chini yake, na kwa mpando wa asilimia 3 hiyo ni mita 2.5 za kupanda na nyingine 2.5 za kushuka.

Mpango wa njia

Mbao mbili zinakaa ukutani, sentimita 244. Wa tatu tutaurudia.

Mpango unaofaa ni ule uitwao Inglenook. Alan Wright wa Uingereza ndiye aliyeufanya ujulikane, na una pointi mbili tu. Pointi ni kile kipande kinachoihamisha treni kutoka njia moja hadi nyingine. Kuna njia moja ndefu ya kuegesha mabehewa 5, mbili fupi za mabehewa 3 kila moja, na njia ya kusukumia inayobeba injini na mabehewa 3. Unakuwa na mabehewa 8. Unachagua matano kwa kura, pamoja na mpangilio wake, na kazi yako ni kuyapanga hivyo kwenye njia ndefu. Mipangilio inayowezekana ni 6,720. Treni inayozunguka duara humchosha mtu ndani ya mwezi mmoja. Mchezo huu unaweza kukukalisha jioni nzima, na mabehewa ya sukari na matangi ya molasi yanayopangwa mahali kama Muhoroni au Chemelil yanaupa maana.

Kwa mabehewa ya sentimita 15 pamoja na viungo vyake, na pointi za kati za sentimita 22, pima kutoka ncha ya kushoto hivi. Kizuizi cha mwisho kikae sentimita 8. Njia ya kusukumia ianze hapo hadi 80: injini 18 na mabehewa matatu 45 ni 63, iliyobaki ni nafasi ya kupumulia. Pointi ya kwanza 80 hadi 102. Kiungo cha mbao kiko 122, kwa hiyo acha reli nyoofu pale. Pointi ya pili 128 hadi 150. Njia fupi mbili zinaishia karibu 205, na njia ndefu, inayotoka pointi ya kwanza, inaishia 195. Sentimita zilizobaki ni za ghala, tangi la maji au shamba la miwa.

Usiweke pointi juu ya kiungo cha mbao kwa namna yoyote. Milimita nusu ya kusogea pale itazifunga ndimi za pointi, yaani vile vipande vyake vinavyosogea, na hutajua ni kwa nini treni huanguka siku za mvua tu.

Ubao wa tatu unaweza kusubiri. Ukiongezwa baadaye unakuwa maegesho ya siri ambako treni "zinatoka Nakuru" na "kwenda Kisumu". Katika chumba kinachozidi futi 12 kidogo unaunganishwa moja kwa moja, kwa kuwa mbao tatu ni sentimita 366 na futi 12 ni 365.8. Katika futi 10 unawekwa pembeni kwa umbo la L, nao unaingia: 244 na 45 ni 289, na ukuta una 305. Kona inahitaji nusu kipenyo cha milimita 457 kianzie kwenye ubao wa pili, na reli itavuka kiungo kwa mshazari. Inawezekana, lakini ni kazi ya mkono uliokwisha kuzoea.

Kutandika reli

Nunua reli za nikeli-silva. Za chuma hushika kutu, na hewa ya Kisumu haichelewi. Za shaba hutengeneza utando usiopitisha umeme. Reli nyumbufu za Peco zina urefu wa milimita 914 kwa kipande. Vipande 7 vinatosha mpango huu na ziada ya makosa.

Chini ya reli weka utepe mwembamba wa koki, ile inayotengenezewa vizibo vya chupa, au povu gumu la milimita 3 kupunguza kelele. Reli iliyogandishwa kwa gundi juu ya plaiwudi tupu hufanya ubao kuwa ngoma.

Tandika pointi kwanza, reli baadaye. Reli hukatwa kufuata pointi, si kinyume chake. Kila ncha uliyokata ilainishe kwa tupa ndogo, juu na upande wa ndani, kwa sababu kikwaruzo kidogo hapo ndicho kinachopandisha gurudumu. Acha pengo la unene wa kadi moja ya benki, karibu milimita 0.75, kwenye kila kiungo ukifanya kazi asubuhi kukiwa na baridi. Ukifanya saa nane mchana, reli tayari zimetanuka, kwa hiyo zikutanishe karibu kabisa. Reli za mita 2.4 zikipata joto la digrii 20 zaidi hurefuka chini kidogo ya milimita moja. Hiyo inaonekana ndogo, lakini bila pengo lazima iende mahali, na huenda kando: reli hupinda.

Kwenye kiungo cha mbao, piga skrubu mbili za shaba kila upande, vichwa vyake viwe sawa na chini ya reli, kisha lehemu reli juu ya skrubu hizo. Tandika reli nzima ikivuka, ilehemu, halafu ndipo uikate kwa msumeno mwembamba katikati ya kiungo. Ukizikata kwanza hazitawahi kutazamana.

Kugeuza pointi hakuhitaji mota. Spoku ya baiskeli ya milimita 2 ndani ya mrija wa kalamu ya bairo, ikipita chini ya ubao hadi ukingo wa mbele, huvuta ndimi vizuri. Fundi baiskeli yeyote ana spoku zilizokatika.

Kabla ya waya wowote, chukua behewa moja zito na ulisukume kwa kidole kila njia, polepole, huku na huku. Linaporuka, tia alama kwa penseli na urekebishe hapo hapo. Behewa jepesi huruka hata penye reli nzuri; liongeze vipande vya risasi au nati ndani mpaka lifike kama gramu 80 hadi 90 kwa urefu huo wa sentimita 15. Usizidishe sana, injini fupi itashindwa kuvuta.

Umeme

Stima yetu ni volti 240. Kidhibiti kilichotoka Marekani kimetengenezwa kwa volti 120, nacho kikichomekwa moja kwa moja hapa kitaungua, pengine na kitambaa cha meza. Soma nyuma yake kabla ya kuchomeka. Unachotaka ni kidhibiti cha volti 240 kinachotoa volti 12 za DC, ampea 1. Mfumo wa dijitali wa DCC, unaoamuru kila injini peke yake, ni mzuri ukiwa na injini tatu au nne zinazotembea pamoja; kwa Inglenook ya injini moja ni gharama isiyo na kazi.

Chini ya ubao pitisha waya mbili kuu za milimita mraba 1.5, nyekundu na nyeusi, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kutoka kwa kila kipande cha reli, hata kifupi, shusha waya mwembamba. Nyuzi za ndani ya kebo ya intaneti zinafaa sana, mradi zisizidi sentimita 30. Usitegemee vibandiko vya kuungia reli, vile vipande vidogo vya chuma vinavyoshika ncha mbili za reli, kupitisha umeme. Vikiwa vipya vinapitisha, lakini baada ya miezi michache ya unyevu wa ziwa vinalegea na kuchafuka ndani, na treni inakuwa na nguvu karibu na kidhibiti na kuchoka mbali. Dalili hiyo ukiiona, ni vibandiko, si mota.

Kulehemu: chuma cha wati 40, risasi ya 60/40, flaksi ya utomvu. Usitumie asidi ambayo mafundi wa rejeta na mabati hutumia. Itabaki ndani ya kiungo na kukigeuza kijani. Sugua reli kwa tupa upande wa nje, tia risasi kidogo kwenye reli na kwenye waya kila kimoja peke yake, kisha vikutanishe kwa sekunde 2 au 3. Ukikawia mataruma ya plastiki yatayeyuka na upana wa reli utabadilika. Weka vipande vya kitambaa kilicholowa maji pande zote mbili vinyonye joto.

Pointi za Electrofrog zina moyo wa chuma, pale reli mbili zinapokatana, na injini fupi haikwami juu yake. Sharti lake ni moja: reli mbili zinazotoka kwenye moyo ziungwe kwa vibandiko vya plastiki visivyopitisha umeme. Ukisahau, pointi ikigeuzwa tu umeme mwekundu na mweusi hukutana na kidhibiti huzima. Nne zinatosha kwa pointi mbili.

Kati ya mbao mbili tumia kiungo chochote cha waya mbili, ila si plagi na soketi ya ukutani. Siku moja mtu atakayesaidia kuhamisha vitu ataichomeka penye 240, na reli utakazozishika zitakuwa na stima kamili.

Stima ikipotea, na inapotea, betri ya sola ya volti 12 inaweza kuendesha reli. Weka fyuzi ya ampea 1 karibu kabisa na mdomo wa betri, kwa sababu betri ndogo tu ina nguvu ya kuwasha waya moto. Baada ya fyuzi weka kidhibiti mwendo cha PWM, kinachowasha na kuzima umeme harakaharaka, na swichi ya kugeuza upande. Betri ya 7 Ah, ukitumia nusu yake tu ili isife mapema, huendesha injini inayokula ampea 0.3 kwa zaidi ya saa 11. Tahadhari moja: injini zenye mota isiyo na kiini cha chuma hazipendi PWM ya masafa ya chini, hunguruma na kupata moto. Soma karatasi ya injini.

Mlima, miwa na mabati

Hapa mikono ndiyo inayofurahi zaidi, na karibu kila kitu kinapatikana sokoni.

Kokoto za reli ni mchanga wa mto au vumbi la machimbo lililochekechwa kwa kichungio cha chai, punje za karibu nusu milimita. Lioshe, likaushe juani, kisha pitisha sumaku ya spika ya zamani, mara nyingi, mpaka isinase kitu. Mchanga mwingi wa Bonde la Ufa na wa ziwani una punje nyeusi za chuma. Zikiachwa, sumaku ya mota itazivuta moja moja hadi meno ya injini yaliwe. Sukuma mchanga kwa brashi kati ya mataruma, unyunyize maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha dondosha gundi nyeupe sehemu 1 kwa maji sehemu 3. Bila sabuni maji hukaa juu kama tone na kubeba mchanga. Kwenye ndimi za pointi usiweke gundi hata kidogo.

Vilima vijengwe kwa povu jeupe la kasha la televisheni, likichongwa kwa kisu cha wembe na kufunikwa magazeti yaliyolowa gundi ya mbao. Uji wa unga wa ngano ni rahisi, lakini panya na mende wataula mlima wote. Miamba ya mviringo iliyobebana kama ya Kit-Mikayi karibu na Kisumu inatoka vizuri kwa jipsamu ya mafundi wa siling ikimiminwa ndani ya foili iliyofinyangwa.

Miwa ya mita 3 katika HO ina milimita 34. Kata kamba ya makonge kwa urefu huo, itie rangi ya kijani yenye manjano kidogo, na uipande kwa mafungu membamba kwenye mistari. Majani mafupi ni makonge hayohayo ya milimita 4. Miti: dodoki lililokaushwa, likivunjwa vipande na kubandikwa juu ya kijiti. Vichaka ni mabaki ya godoro kwa fundi wa sofa, yaliyosagwa na kuchanganywa na rangi ya maji, vivuli vitatu vya kijani na kimoja cha kahawia. Kijani kimoja kila mahali ndicho kinachofanya mandhari kuonekana ya plastiki.

Bati la mawimbi hupatikana kwa kuviringisha boliti ndefu ya M5 juu ya foili nzito ya kasha la chakula, ikiwa imewekwa juu ya soli ya slipazi. Nyuzi za M5 zinaachana milimita 0.8, na mawimbi ya bati la kweli yakigawanywa kwa 87 yanakaribia hapo hapo. Kata karatasi za milimita 23, zipishane kidogo, kisha tia kutu kwa rangi ya chungwa iliyochanganywa na kahawia, zaidi kwenye kingo za chini ambako maji hukaa.

Kutunza

Ukimaliza kucheza, funika. Polithini ya ujenzi iliyotandazwa juu ya vijiti hufaa Nakuru. Kisumu acha ncha mbili wazi hewa ipite, la sivyo unyevu unafungiwa ndani. Shuka na leso hutoa nyuzi.

Reli zisafishwe kwa isopropanoli, aina ya spiriti ya kusafishia, kwenye kitambaa cha pamba kilichofungwa juu ya kipande cha mbao, dirisha likiwa wazi na hakuna moto karibu. Msasa husafisha haraka, ila huacha mikwaruzo, na uchafu hupata mahali pa kujificha kuliko mwanzo. Magurudumu ya injini nayo yasafishwe: laza kitambaa chenye isopropanoli juu ya reli, weka upande mmoja wa injini juu yake na mwingine kwenye reli tupu, na uiwashe huku ukiishika. Utashangaa kwa weusi unaotoka. Wakati wa kiangazi Nakuru fanya hivyo kila wiki. Wakati wa mvua, kila wiki tatu.

Mafuta ni tone moja, kwa ncha ya sindano, kwenye ekseli na beringi za mota, baada ya saa kama 20 za kutembea. Tone la pili hushuka kwenye magurudumu, hupakwa njia nzima, na siku hiyo unaanza kusafisha upya kuanzia kizuizi cha sentimita 8.